Imesomwa na Mmoja

Ulimwona. Usijitetee. Ulikuwa soko la Nakasero unachagua parachichi, unayabonyeza kwa kidole gumba moja baada ya jingine, na mwanamke mrefu akapita kando yako ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Ukamtazama, ukarudi kwenye maparachichi. Ilikuwa mwezi wa pili, wakati kila mtu bado aliweza kumwona, kwa hiyo kisingizio huna. Akapandisha kilima hadi jengo la ghorofa nne lililo nyuma ya soko, akaandikisha jina lake kwa askari wa lango: Abalo. Sababu ya kuja: kijana wangu.

Kijana huyo aliitwa Oola. Huu ulikuwa mwezi wake wa kumi na moja rumande, Luzira, akingoja kesi ambayo haijaitwa. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaoingia kwenye mifupa na kumliza mwanamume mzima. Kule gerezani hawakuwa na kipingamizi. Mganga wao alishamwambia Abalo mara tatu kwamba barua ikitoka Dawati la Familia, kijana anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Barua ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya bahasha. Ilikosa saini moja.

Dawati la Familia ndilo lililokaa ghorofa ya nne, na liliundwa ili ndugu za watu wa rumande wasihangaike. Kabla ya kompyuta walikuwa na daftari la kijani lililofungwa kwa kamba. Aliyesoma ombi alitia tiki, na tiki ikahesabiwa kuwa ni jibu. Kabla ya daftari lilikuwepo sanduku la bati lenye kufuli. Wenye kumbukumbu wanakumbuka ufunguo ulikaa mfukoni mwa nani, na nani alikuja kusema umepotea, na jinsi alivyopandishwa cheo mwaka uliofuata.

Mfumo wa kompyuta uliandikwa na Husnah, binti wa mzee Kamis wa Bombo. Alijifundisha JavaScript mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na aliipenda kazi yake kama wengine wanavyopenda kushona: mwisho ukikutana na mwanzo bila mkunjo, anatabasamu peke yake.

Mkunjo ulikuwa huu. Kila karani alifungua madirisha sita au saba ya mfumo kwa wakati mmoja, moja kwa kila fomu, maana ukifunga fomu kabla haijakamilika inapotea. Juu ya kila dirisha palikuwa na menyu, kwenye menyu kengele, na kwenye kengele duara jekundu lenye idadi ya maombi yasiyosomwa. Na kila dirisha lilihesabu peke yake. Ukisoma ombi kwenye dirisha la kwanza, yale sita yaliendelea kuwa mekundu na kulia ting, ting, kama hayajui lolote.

"Husnah, dada yangu, kengele yako itanipeleka Butabika kwa vichaa," alisema Siraje, karani wa zamu ya asubuhi. "Nimesoma mara moja, inaniuliza mara saba. Hata mke wangu hanirudii hivyo."

"Mke wako ameshakata tamaa, ssebo."

"Basi na hii ikate tamaa."

Mkurugenzi, Madam Nabalayo, alikuwa na sababu yake. Ofisini kwake palikuwa na skrini kubwa ukutani, na kila Ijumaa wageni wa wizara walikuja kuiangalia. "Mimi nataka sifuri," alisema. "Mmoja akisoma, wote wamesoma. Hiyo ni ngumu?"

Haikuwa ngumu. Husnah alichukua hesabu zote akazifanya moja, akaiweka mahali pamoja panapofikiwa na madirisha yote, na kila dirisha akalifundisha kusikiliza. Dirisha moja likifungua ombi linatangaza. Mengine yanasikia, yanafuta. Kisha akaipeleka hesabu hiyo kwenye seva, ili iwe moja kwa kompyuta zote kumi na nne. Kila alfajiri ingeanza upya. Lilibaki swali dogo. Palihitajika alama mbili, moja ya ombi lililosomwa na moja ya ombi lililoshughulikiwa.

"Kwani tofauti iko wapi?" aliuliza Madam Nabalayo.

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa, na watu hawajala. Husnah hakubishana. Akaweka alama moja tu, imesomwa, ndiyo au hapana.

Jumatatu ikaanza kazi. Saa tatu na dakika kumi Abalo alikuwa mapokezi, na Rosalba wa mapokezi, akimwita mama wa Oola kwa lugha ya kwao, alikuwa anamwambia, "Ngoja kidogo, Min Oola, nikuandike halafu..." Ghorofani humo humo, Siraje akafungua ombi namba 4417, la Abalo. Duara jekundu likapungua moja kwenye madirisha yote ya kompyuta zote. Rosalba akanyamaza katikati ya sentensi, akatazama benchi, akaona halina mtu, akamwita anayefuata.

Abalo alingoja kidogo. Akamwita kwa heshima, "Nyabo." Akasema tena. Kisha akainuka, akapita kati ya meza moja baada ya nyingine, hadi kwenye meza ambayo mtu aliinua macho.

"Ni wewe umenisoma?"

"Ni mimi," alisema Siraje.

"Basi weka saini."

"Mimi sina saini, mama. Mimi nasoma tu."

"Sasa nani mwingine ananiona?"

Siraje akatazama huku na huku. Akamwita Rosalba, akamwonyesha kwa kidole. Rosalba akatazama mahali palipoonyeshwa, akarudi kwenye kazi yake. "Inaonekana ni mimi peke yangu," alisema Siraje. "Pole, bambi." Akampa kiti. Alimwona hadi saa kumi na moja, na ilimchosha. Jioni boda hazikusimama, Abalo akatembea kwa miguu hadi nyumbani kwake Luzira, jirani na gereza.

Alikuwa mjane wa polisi na alipika jikoni mwa kambi ya Nsambya miaka ishirini. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Usiku huo aliacha kutuma ombi kwa simu kama alivyozoea kila usiku, kwa sababu ombi lingesomwa na Siraje. Aliamua kujileta mwenyewe, na atakayemwona wa kwanza awe mwenye saini.

Jumanne alionwa na mwendesha boda wa Kitintale. Alimfikisha vizuri, lakini langoni pakawa na maneno.

"Nimeleta mama," alisema mwendesha boda.

"Mama gani?" aliuliza askari.

"Si huyu hapa."

"Ssebo, teremka kilima na wazimu wako."

Jumatano alitembea, uso kwenye kuta, kitenge hadi kwenye nyusi. Alipita Kitintale salama hadi Bugolobi. Hapo mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni mwa mama yake akageuza shingo, akamtazama vizuri, akacheka. Ikawa imekwisha. Abalo alimpungia mkono, akarudi nyumbani. Siku hiyo Oola alipata maumivu ya mgongo na wenzake wakamkanda kwa chupa za maji ya moto.

Alhamisi asubuhi Husnah alifungua kumbukumbu za seva, kama alivyofanya kila Alhamisi. Mbele ya namba 4417 aliona: Jumatatu, imesomwa na Siraje, kompyuta ya tano. Jumanne, imesomwa na mwendesha boda, Kitintale. Jumatano, imesomwa na mtoto mgongoni, Bugolobi. Alisoma mistari hiyo mara mbili. Akaandika ripoti ya hitilafu, kama utaratibu unavyotaka: "Hesabu ya pamoja imetoka nje ya kompyuta. Walioathirika: mmoja, huenda zaidi." Akashuka chini ya orodha, akasoma maombi mengine yaliyosomwa tangu Jumatatu, yalikuwa mia mbili na kumi, akaona hajui sura ya hata mmoja. Kisha akapiga simu kwa namba iliyoandikwa kwenye ombi 4417.

"Nani?"

"Mama, mimi ni Husnah, yule wa kompyuta, Dawati la Familia."

"Kumbe sauti inapita."

"Sauti inapita. Uso ndio unakwama. Leo umeonwa na nani?"

"Na kuku ya jirani."

"Kuku hahesabiki."

"Basi leo mimi bado mpya," alisema Abalo.

"Usitoke. Usimfungulie mtu mlango. Kesho nakuja kukuchukua, na mimi mwenyewe sitakutazama."

"Binti yangu," alisema Abalo, "hii kitu ni wewe umetengeneza?"

"Ni mimi, mama."

"Kale, sawa," alisema Abalo. "Basi uje mapema."

Husnah alifika Luzira baada ya swala ya alfajiri na shuka kubwa ya mama yake. Aligonga, akageuka, akapitisha shuka nyuma ya mgongo wake. Alipogeuka tena alikuta mtu amefunikwa kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, na mikono miwili imetoka mbele na bahasha. Nguo haikuhesabiwa. Mfumo ulihesabu uso.

Dereva wa teksi ya kukodi alitazama kwenye kioo chake. "Mgonjwa huyo?"

"Bado hajasomwa," alisema Husnah.

"Kale," alisema dereva, akawasha gari.

Njiani Abalo alizungumza chini ya shuka. Alisema Oola alikuwa fundi wa kukata vioo Mengo, na mikono yake haikuwa na kovu hata moja, jambo ambalo kwa mkata vioo ni nadra. Alisema wakati wa baridi alikuwa akimlaza karibu na jiko la kambi, na polisi walikuwa wakimrushia utani kwamba mpishi anaoka mtoto. Husnah alisikiliza akitazama nje. Aligundua kwamba alikuwa akifikiria namna ya kurekebisha hesabu, na akajilazimisha kuacha.

Saa mbili na nusu walipita lango, mapokezi, korido. Madam Nabalayo alikuwa mezani kwake. Nyuma yake skrini ilikuwa na sifuri ya kijani yenye ukubwa wa sinia.

"Madam, kuna ombi hapa ambalo limesubiri," alisema Husnah, akageukia ukuta. Alisikia shuka inaanguka. Alisikia Madam anaacha kuandika.

"Habari, mama," alisema Madam Nabalayo.

"Nzuri, Madam. Mimi naomba saini ya kijana yangu. Atakufa mule."

Karatasi ilitoka kwenye bahasha. Ilisomwa, maana Madam Nabalayo alikuwa msomaji mzuri. Aliisoma hadi chini, na mahali penye jina la ugonjwa alitoa sauti ya huruma. "Nimeona," alisema.

Husnah akageuka. Kwenye kiti palikuwa na shuka ya mama yake, na juu ya meza barua imenyooshwa. Mtu hakuwepo. Akajua kwamba Madam amemwona Abalo kikamilifu, na kwamba hilo lilikuwa limefaulu.

"Weka saini, Madam," alisema.

"Husnah, wewe ndiye ulinieleza mfumo. Hii imeshasomwa. Ili niweke saini lazima niifungue upya. Nikiifungua inarudi kuwa haijasomwa." Akaonyesha nyuma yake kwa kalamu. "Leo Ijumaa. Wizara wanakuja saa sita."

"Itakuwa moja tu."

"Moja nyekundu. Mimi nimewaahidi sifuri." Akageukia kiti. "Mama, nimekuona. Kweli kabisa nimekuona. Chukua chai."

Alimpa chai na biskuti mbili. Kikombe kilipanda na kushuka mbele ya Husnah, halafu hakikupanda tena. Saa sita wageni wa wizara walikuja, na mmoja alitaka kukalia kile kiti. "Hapo pana mtu," alisema Madam Nabalayo. Mgeni aliomba radhi, akavuta kingine. Waliitazama sifuri, wakapiga makofi, wakaenda kula. Barua ilikaa mezani hadi saa kumi na moja, ikarudishwa kwenye bahasha kwa mkono ambao Husnah hakuuona.

Jumatatu Husnah hakuomba ruhusa. Alikaa kwenye mashine yake saa tatu asubuhi, akaongeza ile alama ya pili, imeshughulikiwa, akaagiza mfumo upitie maombi yote tangu siku ya kwanza na uhesabu upya kwa alama hiyo. Alikagua mara tatu. Akabonyeza.

Kengele zililia kwenye madirisha yote kwa pamoja, ting moja ndefu. Skrini ya Madam ikawa nyekundu: 3,112. Na wale watu wakaonekana, maana walikuwepo siku zote. Walikuwa wamejaa mapokezi, wameketi sakafuni kwenye korido, wamepangana ngazi zote nne kwenda chini, wametoka nje ya lango na kuteremka hadi sokoni katikati ya mafungu ya ndizi na nyanya. Wanawake wengi, wazee wengi, wanajeshi wastaafu wenye makoti makubwa. Wengine walikuwa wa enzi za daftari la kijani. Walishika vipande vya karatasi vilivyolainika kama kitambaa. Palikuwa na watatu wa sanduku la bati. Maombi yao yalihusu watu waliokwisha kufa miaka mingi, na bado walikuwa wakiomba wapelekwe hospitali.

Hakuna aliyepiga kelele. Siraje alikwenda kutafuta viti. Rosalba alichukua karatasi, akauliza, "Nani wa kwanza?" na watu wote wakanyoosha kidole kwa upole kuelekea watatu wale.

Abalo alisimama karibu na meza ya Husnah. Ndiyo mara ya kwanza Husnah kuuona uso wake. Alikuwa na umri mdogo kuliko sauti yake.

"Kumbe wewe ni mfupi hivi," alisema Abalo. "Kwenye simu nilidhani jitu."

Madam Nabalayo alipita katikati ya watu kwa adabu, akisema samahani, samahani, hadi akafika. "Rudisha," alisema.

"Madam, wako hapa."

"Nawaona. Wote. Na wizara wataona hiyo namba kabla ya saa nne, halafu Dawati litafungwa, na hawa wataenda wapi? Ukikataa namwita kijana wa kampuni ya nje. Atarudisha, na atafuta na kumbukumbu zako za seva, maana zinajaza nafasi. Hapo hata majina hayatakuwepo popote. Ni wewe wa kuchagua."

Husnah aliweka vidole mezani. Alimtazama Abalo, na Abalo alitazama skrini, akijaribu kuelewa kitufe ni kipi. "Majina yabaki?" aliuliza Husnah.

"Majina yabaki," alisema Madam.

Ilichukua dakika sita. Rosalba alikuwa ameshaandika watu kumi na mmoja. Karatasi yake ilibaki na mistari kumi na moja, na hakukumbuka ni ya nini, akaiweka kwenye faili. Viti vya Siraje vilibaki korido, vitupu, hadi mtu wa usafi akalalamika.

Hiyo ni wiki saba zilizopita. Kazi inaendelea. Husnah kila asubuhi anaweka kiti kando ya meza yake na glasi ya maji. Siku nyingine maji yanapungua, siku nyingine hayapungui. Watu wa ofisi wamezoea kukizunguka kiti. Alhamisi anafungua kumbukumbu za seva na kusoma mbele ya namba 4417: muuza magazeti, Port Bell. Fundi bomba, Kitintale. Askari wa trafiki. Muumini mmoja aliyekuwa akitoka kanisani, ambaye alimwona, akamwombea, akaenda zake. Oola hawezi tena kupanda kitanda cha juu. Wenzake wamempa cha chini, na mmoja wao analala akiwa amekaa. Ijumaa skrini inaonyesha sifuri, na wanapiga makofi.

Leo mahali pa jina ni patupu. Abalo aliondoka Luzira mapema amejifunika, akapita boda, akapita watoto, akapita askari wa lango aliyekuwa anasalimiana na mtu, akafika ngazi ya ghorofa ya tatu. Hapo miguu ilimwishia. Amekaa chini, amefunua uso apate hewa, bahasha iko magotini. Hakuna aliyekuwa amepita ngazi hiyo hadi ulipoanza kusoma. Wa kwanza ni wewe, na umeandikwa. Rosalba hamwoni sasa. Siraje hamwoni, Husnah ameweka maji kando ya kiti na hamwoni. Mpaka alfajiri ya kesho, katika Kampala nzima, wa kumwona ni wewe peke yako, na Oola hana uhakika na alfajiri ya kesho.

Kwa hiyo inuka. Ghorofa ya nne, mlango wa pili kushoto. Ichukue bahasha, uiweke mbele ya Madam Nabalayo, uweke na kalamu juu yake. Atakwambia ameona. Usikubali, na usiketi, na usinywe chai yake. Simama hapo mpaka wino ukauke. Ofisi inafungwa saa kumi na moja. Nenda.